Anayeiba, asiyejua na asiyeweza: kwa nini wanafunzi wa vyuo vikuu wananakili kazi za wengine

Inapokaribia miezi ya kukusanya ripoti za utafiti, makundi ya WhatsApp ya wanafunzi hapa Dodoma hujaa swali moja lenye sura nyingi. Mmoja anauliza kama asilimia 34 ya ufanano na kazi za wengine, aliyopewa na programu ya kukagua kazi, ni kufeli. Mwingine anashauriwa abadilishe maneno kidogo kidogo mpaka namba ishuke. Wa tatu anatangaza kwamba yupo kijana anayeweza "kushusha asilimia" usiku mmoja, bei maelewano. Wazazi nao wanasikia redioni kwamba wasomi wanaiba kazi za watu, wanabaki na mshangao wao: mwanangu niliyemuuzia ng'ombe ili asome, ameiba nini hasa?

Swali hili si dogo kwa mji huu. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza kwenye vilima vya Chimwaga, kikiwa kimepangwa kuchukua wanafunzi 40,000. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kikafungua milango katika majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari Mazengo. Ongeza Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini na kampasi ya Chuo cha Elimu ya Biashara, utaona kwamba mtaa mzima kama Ng'ong'ona unaishi kwa kodi za vyumba vya wanafunzi, kwa chipsi zao na kwa kurasa wanazochapisha. Wanachoandika vijana hawa na namna wanavyokiandika ni jambo la mji wetu.

Ninavyoona mimi, tunataja kosa moja lakini nyuma yake wamesimama watu watatu. Yupo anayeiba akijua. Yupo asiyejua kwamba alichofanya ni wizi. Na yupo anayejua kabisa, anayetamani kuandika mwenyewe, lakini hajawahi kupewa uwezo wa kufanya hivyo. Huyu wa tatu hatumzungumzii, na nadhani ndiye mwenye wenzake wengi zaidi.

Tuanze na maana. Wizi wa kitaaluma ni kuwasilisha maneno, mawazo, takwimu, mchoro au mpangilio wa hoja wa mtu mwingine kana kwamba umevitoa kichwani mwako. Fikiria daftari la mkopo la duka la mtaani. Ukichukua unga na sukari, mwenye duka akaandika jina lako na kiasi ulichochukua, hakuna aliyeibiwa. Yeyote akilifungua daftari anaona kipi kimetoka dukani na nani amekichukua. Ukibeba sukari ileile bila kuandikwa, umeiba, hata kama chai uliyopika ni tamu na wageni wote wameisifu. Marejeleo katika kazi ya chuo ndiyo daftari hilo. Hayakukatazi kuchukua. Chuo kinataka uchukue, na uchukue kwa wengi, kwa sababu elimu hujengwa juu ya kazi za waliotangulia. Kinachotakiwa ni kila ulichochukua kiandikwe pale pale ulipokitumia, si kwenye orodha ya mwishoni peke yake.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa bila nia mbaya. Mwanafunzi ananakili aya nzima ya kitabu, anaweka jina la mwandishi na mwaka mwishoni mwa aya, anaamini yuko salama. Hayuko salama. Jina na mwaka vinasema wazo limetoka kwa fulani, lakini msomaji anadhani sentensi ni zako. Ukichukua maneno yenyewe jinsi yalivyo, lazima yakae ndani ya alama za kunukuu na ukurasa utajwe. Ukichukua wazo tu, uliandike kwa maneno yako, na chanzo bado ukitaje.

Si kila kitu kinadai marejeleo. Kwamba uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa mwaka 1973 ni maarifa ya wote, huna haja ya kumtaja mtu. Lakini ukieleza kwa nini utekelezaji wake ulichukua miongo kadhaa, na maelezo hayo umeyapata kwa mtafiti fulani, hapo unadaiwa jina lake. Kadhalika watu huchanganya wizi wa kitaaluma na uvunjaji wa hakimiliki. Hakimiliki ni suala la kisheria, lenye sheria yake hapa nchini tangu mwaka 1999, na linahusu ruhusa ya kunakili na kuuza kazi ya mtu. Wizi wa kitaaluma ni suala la ukweli: nani alifikiri hili, nani aliliandika. Unaweza kunakili maandishi ya mtu aliyekufa miaka 300 iliyopita, hakimiliki yake imeshakwisha, na bado ukawa umeiba kitaaluma. Kwa hiyo ile kauli kwamba "kilichopo intaneti ni cha wote" haimwokoi mtu. Kuruhusiwa kukisoma bure hakukufanyi uwe umekiandika.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo, na hapa naomba msomaji atulie. Tuseme mwanafunzi anaandika kuhusu zabibu za Dodoma, mada ambayo kila mwaka inapata watu. Amekuta sentensi hii, ambayo nimeitunga kwa ajili ya mfano:

"Wakulima wadogo wa zabibu hupoteza sehemu kubwa ya mapato kwa sababu zao hilo huharibika haraka na viwanda vya kusindika havipokei mzigo wote wakati wa msimu."

Yeye anaandika hivi:

"Wakulima wa kiwango cha chini wa zabibu hukosa kiasi kikubwa cha kipato kwa kuwa zao hili huoza upesi na viwanda vya usindikaji havichukui shehena yote kipindi cha mavuno."

Hesabu maneno yaliyobadilika, ni mengi. Programu inaweza kuipitisha sentensi hii bila kuigusa. Lakini ukiziweka mbili hizo sambamba, mifupa ni ileile: hoja zinafuatana vilevile, sababu ya kwanza ni ya kwanza, ya pili ni ya pili, na pale mwandishi alipopumua naye amepumua. Hakuna alichofikiri. Amefanya kazi ya kamusi.

Mwenzake aliyeelewa anaweza kuandika hivi: "Hasara ya mkulima mdogo haianzii shambani. Mwandishi huyu anaiona katika siku chache baada ya kuvuna, pale zabibu iliyoiva inapokuwa haina pa kwenda kwa sababu kiwanda kimeshajaa. Kama ni hivyo, kuongeza ekari bila kuongeza uwezo wa kusindika kunaweza kumwongezea mkulima hasara." Huyu amechukua wazo, amemtaja mwandishi kama mwenye wazo hilo (katika kazi halisi angeweka jina na mwaka), kisha akapiga hatua moja mbele ambayo haikuwemo kwenye chanzo. Hatua hiyo moja ndiyo chuo kinamfundisha mtu kuipiga.

Ile namna ya mwanafunzi wa kwanza, ya kubadilisha neno moja moja, mtafiti wa Marekani Rebecca Moore Howard aliiita uandishi wa viraka katika maandishi yake ya miaka ya 1990. Alichosema kiliwakera baadhi ya walimu: kwamba mara nyingi huo si udanganyifu. Ni hatua anayopitia mtu anayejaribu kuandika katika uwanja ambao bado hajaumudu. Anang'ang'ania sentensi ya mwandishi kwa sababu akiiachia ataanguka. Namuunga mkono, na nadhani hoja yake ina uzito zaidi kwetu kuliko kwao, kwa sababu ya lugha.

Mtoto wa Kitanzania aliyepitia shule ya kawaida ya serikali anasoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili. Anaingia kidato cha kwanza, na ghafla biolojia, jiografia na historia zote ziko kwa Kiingereza. Hali hii si ngeni. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walitoa ripoti baada ya kupima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania, na walikuta kwamba hata katika ngazi ya chuo kikuu wengi hawakuwa na lugha ya kutosha kusoma kwa urahisi vitabu walivyotakiwa kuvisoma. Ni miaka zaidi ya 40 sasa. Kijana wa leo kutoka Mpwapwa, Chemba au Manyoni anafika chuoni na mzigo uleule: anaambiwa asome makala ya kurasa 25, aielewe, kisha aieleze kwa maneno yake mwenyewe kwa Kiingereza.

Maneno yake mwenyewe ni yapi? Muulize kwa Kiswahili, au kwa Kigogo kama ni mtoto wa hapa, kwa nini mvua ikichelewa kijijini kwao watu huuza mbuzi kabla ya ng'ombe. Atakueleza hatua kwa hatua, atatoa mfano wa baba yake mdogo, atapinga kilichosemwa na mwenzake. Akili ipo na hoja ipo. Mwambie aandike hilohilo kwa Kiingereza cha kitaaluma, utaona anavyoganda. Sentensi ya kwanza anaiandika, anaifuta, anaiandika tena. Pembeni kuna makala imefunguliwa, yenye sentensi iliyonyooka, isiyo na kosa la sarufi. Anajua akiandika yake mhadhiri ataizungushia wino mwekundu, na akiichukua hii itapita. Wengi wanaichukua. Nimeshakaa na vijana wa aina hii mezani, kwenye vimbweta, tukipitia kazi zao mstari kwa mstari, na mara nyingi nikimwambia "funga kompyuta, niambie kwa Kiswahili ulichoelewa", kinachotoka mdomoni ni kizuri kuliko kilichoandikwa.

Jambo la pili limejengwa shuleni. Kwa miaka 11 au 13 tumemzawadia mtoto kwa kurudisha maneno ya mwalimu jinsi yalivyo. Mwalimu anaandika notisi ubaoni, darasa linanakili, na kwenye mtihani aliyekariri maana neno kwa neno anapata vema, aliyeieleza kwa namna yake anawekwa kwenye mashaka. Hakuna aliyewahi kumuuliza mtoto yule notisi zile zilitoka kitabu gani. Halafu anaingia mwaka wa kwanza, anapewa semina ya siku moja kuhusu namna ya kuandika marejeleo, nukta ikae wapi na mabano yakae wapi, na kuanzia wiki inayofuata kile alichosifiwa nacho maisha yote kinaitwa wizi. Wanafunzi wenyewe wana neno lao, kudesa, na wanalitumia kwa kila kitu: kuchungulia kwenye mtihani, kusoma muhtasari wa mwenzako, kunakili asaimenti. Kwao vitu hivyo vinakaa kwenye kapu moja, kwa hiyo uzito wake nao unaonekana mmoja, na ni mdogo.

Walimu wa chuo hawana budi kuguswa hapa. Slaidi za baadhi ya wahadhiri zimejaa aya na michoro isiyo na chanzo hata kimoja. Mwanafunzi anajifunza kwa anachokiona zaidi ya anachoambiwa.

Kuna pia asaimenti zenyewe. Swali la "eleza faida na hasara za utandawazi" limeshajibiwa mara elfu, na majibu yanazunguka kwenye flashi za steshenari zilizo jirani na vyuo. Ingia kwenye mojawapo usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi. Kijana kwenye kompyuta ana mafolda yaliyopangwa kwa kozi na mwaka. Anafungua ripoti ya mafunzo kwa vitendo ya mtu wa mwaka juzi, anabadilisha jina, namba ya usajili na tarehe, anachapa, anabaindi. Nimewahi kuishika moja ya namna hii: jalada lilisema Kongwa, lakini katikati ya ripoti mwandishi alikuwa anawashukuru maofisa wa Mpwapwa. Huyu hana kisingizio cha lugha. Lakini tuulize pia: msimamizi aliyesaini ripoti ile aliisoma? Mhadhiri mmoja akiwa na darasa la mamia ya wanafunzi, na kila mmoja ana kazi ya kurasa 15, hesabu yenyewe inakuambia kwamba haiwezekani kuzisoma zote kwa makini. Wanafunzi wanaijua hesabu hiyo vizuri kuliko wakuu wa idara.

Pesa na muda vinaingia hapohapo. Bumu la Bodi ya Mikopo likichelewa, kijana anatafuta vibarua, anaendesha bodaboda ya mtu jioni, au anauza vocha na viatu vya mtumba hosteli. Kompyuta mpakato ni moja kwa watu watatu chumbani. Asaimenti nne zinaangukia wiki moja. Usiku wa mwisho hakuna anayepima maadili kwa utulivu, anapima kipi kitamfikisha asubuhi. Hili halifuti kosa, ila linaeleza kwa nini kosa linaongezeka wiki fulani za muhula na kupungua nyingine.

Juu ya wote wapo wanaoamua kwa akili timamu. Wana uwezo, wana muda, lakini wanaona shahada ni karatasi ya kuombea kazi na njia ya kuipata haijalishi. Hawa ndio wateja wa soko la kuandikiwa tafiti. Soko hilo si la hapa peke yake. Kwa majirani zetu Kenya, vijana wengi wenye shahada wamekuwa wakiwaandikia kazi wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa malipo, na mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria inayofanya kuuza au kutangaza huduma hiyo kwa wanafunzi wa England kuwa kosa la jinai. Inauma kufikiria kwamba akili inayoweza kuandika tasnifu nzuri ya mtu wa ng'ambo imekaa chumbani bila ajira.

Mara kwa mara hutajwa sababu nyingine ambayo siikubali: kwamba utamaduni wetu wa masimulizi haujui umiliki wa maneno, kwa hiyo Mwafrika ananakili kwa asili. Hapana. Mshairi wa Kiswahili kwa karne nyingi ametaja jina lake katika beti za mwisho ili kazi yake isipotee kwa mwingine. Wanafunzi wa hadithi za Mtume wanafundishwa tangu zamani kutaja fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, na mnyororo ukikatika hadithi inatiliwa shaka. Hata kijijini mzee akitoa methali anaanza na "wahenga walisema", hajidai ameitunga yeye. Kutaja chanzo ni desturi yetu ya siku nyingi. Kilichokosekana ni mtu wa kuiunganisha desturi hiyo na karatasi ya chuo.

Tuje kwenye asilimia, maana ndiyo inayowakosesha watu usingizi. Programu kama Turnitin, iliyoanzia Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, haipimi wizi. Inapima ufanano. Inachukua maandishi yako, inayalinganisha na tovuti, majarida na kazi za wanafunzi zilizo kwenye hifadhi yake, kisha inakuonesha ni sehemu gani zinafanana na nini. Asilimia 30 inaweza kuwa na maana nyingi. Inaweza kuwa imetokana na nukuu zilizowekewa alama vizuri, orodha ya marejeleo, jina la chuo, dodoso la kawaida linalotumiwa na kila mtu, na hapo hakuna kosa lolote. Na asilimia 6 inaweza kuwa ukurasa mmoja mzima ulionakiliwa neno kwa neno kutoka sehemu moja, na huo ni wizi mtupu. Vyuo huweka kiwango cha juu kinachoruhusiwa ili kurahisisha kazi, na hilo linaeleweka, lakini kiwango hicho kimezaa imani potofu kwamba chini ya namba ile kila kitu ni halali. Ndiyo maana soko la kushusha asilimia limestawi. Anayelipia huduma ile hanunui usafi wa kazi yake, ananunua viraka vilevile vya mfano wa zabibu, mara nyingi vikiwa vimeharibu hata maana. Programu pia inaweza kushindwa kumwona aliyetafsiri makala ya lugha nyingine, au aliyeandikiwa kazi mpya kabisa na mtu.

Akili unde (AI), yaani programu zinazoweza kumwandikia mtu kazi nzima, imeongeza utata. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, wapo wanaosema kwamba maandishi yake hayana mwenyewe, kwa hiyo hakuna anayeibiwa. Rudi kwenye maana tuliyoanza nayo: kosa ni kudai umefikiri na kuandika kile ambacho hukukifikiri wala kukiandika. Mwenye mali kuwepo au kutokuwepo hakubadilishi dai hilo la uongo. Kuna hatari nyingine: programu hizi zinaweza kubuni marejeleo, zikataja makala isiyokuwepo kwa jina la mwandishi aliyepo. Juni 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 na mahakama baada ya kuwasilisha hati yenye kesi ambazo ChatGPT ilizibuni. Kama wakili mzoefu ameingia mtegoni, mwanafunzi wa mwaka wa pili ataruka vipi?

Lakini hapa wahadhiri nao wawe waangalifu sana. Programu zinazodai kugundua maandishi ya akili unde si za kuaminiwa kama ushahidi. OpenAI yenyewe, iliyotengeneza ChatGPT, iliondoa chombo chake cha kugundua maandishi hayo Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipa vyombo kadhaa vya aina hiyo insha 91 za mtihani wa Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilisingiziwa kwamba ziliandikwa na mashine. Mtu mwenye msamiati mdogo na sentensi za tahadhari anaonekana kama roboti. Ni maelezo ya wanafunzi wetu walio wengi. Kumfelisha kijana wa Bahi kwa namba ya chombo kama hicho ni dhuluma, na nalisema bila kusita.

Adhabu hutofautiana kutoka chuo hadi chuo: kurudia kazi, kupata sifuri, kusimamishwa, hata kunyang'anywa shahada. Wengi hawajui kwamba hili la mwisho halina haraka, linaweza kumfuata mtu akiwa ameshasahau. Karl-Theodor zu Guttenberg alikuwa waziri wa ulinzi wa Ujerumani na mwanasiasa aliyependwa mno. Mwaka 2011 watu wa kujitolea walikaa kwenye intaneti wakaipitia tasnifu yake ukurasa kwa ukurasa, wakaonesha sehemu zilizochukuliwa kwa wengine. Chuo Kikuu cha Bayreuth kilimfutia udaktari Februari, na Machi akajiuzulu uwaziri. Mwaka uliofuata Rais wa Hungaria, Pál Schmitt, aliondoka madarakani kwa kosa la namna hiyohiyo. Kazi iliyohifadhiwa kidijitali leo itachunguzwa na programu za miaka 20 ijayo.

Basi afanye nini yule wa tatu, asiyeweza? Njia ninayowapa vijana ni rahisi kuieleza, ngumu kuizoea. Soma sehemu fupi, kurasa mbili tatu. Funga kitabu au kompyuta kabisa. Andika kwa Kiswahili, kwa kalamu, jambo moja ulilolielewa na jambo moja usilokubaliana nalo au linalokukumbusha kitu ulichokiona mwenyewe. Pembeni andika jina la mwandishi, mwaka na ukurasa hapohapo, usisubiri. Kesho yake geuza maandishi yako ya Kiswahili kuwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi fupi, kisha ndipo ufungue chanzo kuhakikisha hukupotosha. Kiingereza hicho hakitang'aa. Kitakuwa chako, na mhadhiri anaweza kukusaidia kukinyoosha, jambo asiloweza kufanya na sentensi ya mtu mwingine.

Kwa upande wa vyuo, swali lililofungwa mahali linasaidia kuliko tishio. Badala ya faida na hasara za utandawazi, mtume mwanafunzi Soko la Majengo akaulize bei ya karanga kwa wauzaji kumi, aeleze kwa nini zinatofautiana, kisha alinganishe na kilichoandikwa kwenye nadharia aliyofundishwa. Hakuna flashi yenye jibu hilo. Na dakika tano za kumuuliza ana kwa ana kuhusu ukurasa wake wa nane zinaonesha zaidi ya programu yoyote. Ningependa pia kuona vyuo vikiruhusu rasimu ya kwanza iandikwe kwa Kiswahili, hata kama kazi ya mwisho inabaki kwa Kiingereza.

Na kama umeshaitwa kwenye kamati ya chuo kwa tuhuma hii, usiende mikono mitupu wala usikimbilie kukiri usichokijua. Omba ripoti kamili ya ufanano, si namba ya jumla, uone ni aya zipi zinazolalamikiwa na zinafananishwa na nini. Beba rasimu zako zote, daftari la muhtasari, na faili lenye historia ya mabadiliko kama uliandikia kwenye programu inayoihifadhi. Soma kanuni za mitihani za chuo chako kuhusu muda wa kukata rufaa, na umwombe msimamizi wako au kiongozi wa serikali ya wanafunzi akusindikize. Kwenye aya uliyoisahau alama za kunukuu, sema uliisahau. Kwenye aya uliyoandika mwenyewe, waombe wakuulize kuhusu hiyo hapohapo, uwaeleze kwa mdomo.